Nukta nyeusi kwenye taa, na betri iliyogandishwa kwa gundi

Juzi Jumamosi bibi mmoja wa pale mtaani kwetu kanifuata ofisini, na nikisema ofisi namaanisha meza yangu ya kioo hapa Kariakoo yenye upana wa mita moja na robo, kabeba kikapu cha ukili kimejaa taa. Taa za LED, zile za kuzungusha, zimekufa zote. Nikamwamkia, akaitika marahaba huku anazimwaga mezani juu ya simu za watu. "Haya mwanangu, we si ndo ulinambia niachane na zile za zamani, ukasema hizi hazili umeme na zinakaa miaka na miaka? Hesabu mwenyewe." Nikahesabu. Kumi na moja. Ya siku nyingi kuliko zote alinunua mwaka juzi.

Sasa mi ni fundi simu, taa sio kazi yangu kabisa, ila sikuwa na pa kukimbilia maana kweli nilimshauri, tena kwa mbwembwe. Boksi la moja alikuwa bado nalo, limeandikwa masaa 25,000. Ukiwasha taa masaa sita kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka kumi na moja, yaani mjukuu wake aliyezaliwa juzi juzi angekuwa darasa la tano ndo taa inazimika.

Nikafungua moja. Hapa naomba mnivumilie nieleze taratibu maana mambo yote ninayotaka kusema leo yamo humo ndani. Kile kichwa cheupe cha plastiki unakibana na vidole, unakizungusha kidogo, kinaachia na mlio kama wa kufungua soda. Chini yake kuna kibati cha duara cha aluminiamu, juu yake zimepangwa LED ndogo za njano kama punje za mahindi, hii ilikuwa nazo kumi na mbili. Kumi na moja nzima kabisa. Moja ina nukta nyeusi katikati, ndogo mno, ukiiona haraka haraka unaweza kudhani ni kinyesi cha nzi. Hiyo moja ndo imezima taa nzima, kwa sababu zimeungwa kwa mstari, umeme ukitoka kwenye hii ndo unaingia kwenye ile, moja ikiungua njia imekatika na zile nyingine zinabaki zima halafu giza. Nikaidondoshea ile iliyoungua tone la risasi ya kulehemu kuunganisha pande zake mbili, nikajaribu, taa ikawaka. Bibi akapiga makofi. Nikamwambia bibi usipige makofi bado, hii nimeifufua tu, ugonjwa wenyewe sijaugusa, baada ya wiki kadhaa itaungua nyingine.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba hizo LED zimefanyishwa kazi ya punda. Mtengenezaji angeweza kuweka ishirini na nne zikafanya kazi polepole, yeye kaweka kumi na mbili akazisukumia umeme mara mbili. Dukani mwanga ni uleule na bei yake iko chini, kwa hiyo mteja haoni chochote. Tofauti ni joto, na joto ndo linaloua vitu vya elektroniki kuliko kitu kingine chochote ninachokijua mimi. Hata ile kapasita, kidude cha kutunza umeme kilichofichwa kwenye shingo ya taa, kila ukiipunguzia joto nyuzi 10 maisha yake yanakaribia kuwa mara mbili, na shingoni kule ni tanuru. Sasa angalia hii: pembeni ya LED kuna virezista viwili vimelala sambamba, hivyo ndo vinavyoamua umeme kiasi gani upite. Ukitoa kimoja umeme unapungua, mwanga unashuka kidogo, na kibati ambacho mwanzo huwezi kukigusa kinakuwa cha uvuguvugu. Mafundi wengi wanaijua hii. (Msijaribu taa ikiwa kwenye umeme tafadhali, ndani hamna transfoma, kile kibati unachokishika kimetenganishwa na umeme wa ukutani na utando mwembamba tu, mi nimeshapigwa mpaka nikaona nyota mchana.)

Kwa hiyo taa ya mwaka mmoja na taa ya miaka kumi wametenganishwa na kidude kidogo kama chembe ya sukari. Kuna mtu alikaa kwenye kompyuta akakichagua. Hakukosea hesabu, hesabu zake ziko sawa kabisa, ila alichokuwa anapigia hesabu ni kitu kingine.

Na msinambie haiwezekani kutengeneza nzuri. Mwaka 2016 Manispaa ya Dubai ilikaa na Philips wakatoa taa ya kwao, Dubai Lamp wanaiita, ndani yake wamejaza LED nyingi halafu kila moja inapewa umeme kidogo tu, inatoa lumeni 200 (kipimo cha mwanga) kwa kila wati wakati taa nyingi za madukani zilikuwa nusu ya hapo. Haipati moto. Jamaa yangu mmoja alikuwa dereva huko, aliporudi likizo aliniletea mbili kwenye begi zimeviringishwa ndani ya soksi, moja iko jikoni kwangu hadi leo na jikoni kwangu taa inawaka mpaka saa sita usiku. Teknolojia ni ileile, LED ni zilezile. Ila pale aliyekuwa anaagiza ni mji unaotaka kupunguza umeme wake, duka linalosubiri urudi mwakani halikuwepo kwenye mazungumzo.

Basi bibi nikamfanyia saba kati ya zile kumi na moja kwa kutoa rezista, nyingine zilikuwa zimekufa vingine. Kaondoka ananiombea dua. Mi nikabaki nimeshika kibati, nikaangalia simu zilizopangwa mezani, nikaona hii habari ya nukta nyeusi ndo habari ya maisha yangu yote ya ufundi.

Mnaikumbuka BL-5C? Betri ile ya Nokia, fupi, bapa, ya kijivu. Ilikuwemo kwenye Nokia 1100 iliyotoka 2003, simu ya tochi, zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nadhani nusu ya ukoo wetu ilipita humo. Agosti 2007 Nokia wenyewe wakatangaza kwamba kuna BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita wa Japani, zinaweza kupata moto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, kwa hiyo mwenye nayo atabadilishiwa bure. Milioni 46 bana! Lakini mtu alitakiwa afanye nini? Fungua kava kwa kucha, toa betri, soma namba nyuma, kama ni yenyewe wapelekee wakupe nyingine. Simu yenyewe inabaki kwako. Namba za watu zinabaki, meseji zinabaki, ile nyoka yako iliyofika pointi elfu na kitu inabaki.

Ruka sasa mpaka 2016, Samsung na Galaxy Note 7. Tatizo lilelile, betri. Septemba wakaita simu milioni 2 na nusu zirudishwe, wakawapa watu nyingine zenye betri kutoka kampuni tofauti, nazo zikaanza kuwaka, Oktoba wakaifuta modeli nzima. Betri haikuwa ya kutoka. Kwa hiyo kioo kizima, kamera nzima, bodi yenye dhahabu na shaba yake, chuma cha fremu kilichochongwa kwa mashine ya mamilioni, vyote vikafuata betri. Niseme kwa haki, baadhi walikuja kuzifufua wakaziuza Korea 2017 kwa jina lingine na betri ndogo zaidi. Lakini we linganisha tu. Kule kosa la betri lilikuwa kosa la betri. Huku kosa la betri likawa kosa la simu, na aliyelifanya liwe hivo ni yule aliyeamua miaka kadhaa kabla kwamba mgongo wa simu utabanduka kwa moto tu.

Halafu kuna kitu kuhusu BL-5C ambacho kinanifurahisha kila nikikiwaza. Nenda sokoni leo, chukua karedio ka memori kadi, kale wanakouzia pale kwenye ngazi, fungua mgongo wake. Utaikuta humo. Spika ndogo za bluetooth, humo. Simu za batani za bei rahisi za kampuni ambazo hazina uhusiano wowote na Nokia, zina betri ya umbo lilelile na miguu ileile mitatu. Hakuna mkutano uliokaa ukasema jamani tutengeneze kipimo kimoja cha betri ili tuokoe mazingira, ilitokea tu kwamba zilikuwa nyingi, kila kiwanda kikaona rahisi kutumia ile ambayo tayari iko kila mahali. Mzee mmoja wa Mkuranga huwa ananijia mara moja kwa mwaka kununua BL-5C ya redio yake. Mara moja kwa mwaka, anaweka mwenyewe palepale, anajaribu stesheni, anaaga. Redio ile ina umri wa miaka minane. Mi hela ninayopata pale haifiki hata ya chai na mkate, na huyo ndo mteja ninayemheshimu kuliko wote.

Sasa njoo upande wa pili wa meza. Mwezi uliopita dada mmoja kaleta simu, sitaitaja, simu nzuri tu ya miaka mitatu, kioo cha nyuma kimenyanyuka upande mmoja kama mkate uliochacha. Betri imevimba. Kila kitu kingine kizima. Utaratibu ni huu: naiweka juu ya pleti ya moto, nyuzi kama 80, dakika kadhaa mpaka gundi ilegee. Nachomeka kadi ya plastiki kwenye pembe, naisukuma milimita kwa milimita huku nadondoshea spiriti, ukikimbilia tu kioo kinalia ta! Nikishafungua nakutana na skrubu kumi na tano, kumi na sita, za urefu tofauti, ukikosea ndefu ukaiweka kwenye tundu la fupi umetoboa bodi. Halafu ndo nafika kwenye betri, nayo imegandishwa chini kwa gundi. Betri ya lithiamu iliyovimba, laini kama godoro, mi natakiwa niing'oe bila kuikunja wala kuitoboa maana ikitoboka inafuka moshi na inaweza kuwaka mikononi. Ndo maana chini ya meza nina ndoo ya mchanga. Watu huwa wananiuliza fundi hiyo ndoo ni ya kuku wako kutagia? Nacheka.

Ile siku betri ilitoka salama. Kioo cha nyuma kikapasuka. Kioo nikalipa mimi, dada wa watu kanilipa kubadilisha betri, mi nikaingia hasara, na hapo ndo mjue kwa nini mafundi wengi simu kama hiyo wanakwambia "haifai hii, nunua nyingine." Mara nyingi hawadanganyi kwa ubaya. Wamepiga hesabu ya pleti, ya kioo, ya saa nzima na nusu, wameona hailipi. Mtu aliyechagua gundi alishapiga hesabu hiyo kwa niaba yao.

Najua wabunifu watasema nini, maji. Na hapo lazima niwe mkweli, wana hoja. Zamani msimu wa masika nilikuwa napokea simu za kuingia maji tatu nne kwa siku, bodi imeota kutu ya kijani, unaisafisha na mswaki na spiriti huku unasali. Sa hivi zimepungua sana. Gundi imeokoa simu nyingi na simu iliyookolewa ni simu ambayo haikutupwa, siwezi kulikataa hilo eti kwa sababu linanikera kazini. Lakini maji yana njia zaidi ya moja ya kuzuiwa. Samsung haohao wana XCover6 Pro, ya 2022, ina kinga ya maji ya IP68 na betri unaitoa kwa mkono, wameweka mpira kuzunguka kava, basi. Ni nene, ndiyo. Haina urembo, ndiyo. Na baadhi ya iPhone 16 wameweka gundi ya betri ambayo ukipitisha umeme mdogo, hata wa ile betri ya mraba ya volti 9, inaachia yenyewe ndani ya dakika chache. Niliposoma hiyo nilibaki nimeshika kichwa. Yaani mtu kakaa akawaza siku ya kufungua. Hicho ndo nilichokuwa nakitafuta miaka yote, hata kama simu yenyewe sina hela ya kuinunua.

Fairphone nimewahi kuishika mara moja, ya kaka aliyekuja likizo toka Uholanzi, imetengenezwa na kampuni ya Amsterdam iliyoanza 2013. Kanionyesha anavyoitoa betri kwa ukucha kama BL-5C, skrubu zake ni za nyota ya kawaida, bisibisi yoyote ya shilingi elfu mbili inafungua. Ile ya tano wameahidi programu mpya mpaka miaka minane. Nikaisifia weee. Halafu akanambia shida yake: tundu la chaji limelegea, linahitaji kubadilishwa, kazi ya dakika kumi. Spea iko wapi? Ulaya. Nikazunguka mtaa wa Aggrey wote kwa heshima tu, najua sitapata, kila duka wananiangalia kama nimeuliza spea ya ndege. Lakini Tecno ya miaka mitano, yenye gundi yake na ubishi wake wote, tundu la chaji nalipata kwa kijana anayeuza juu ya kiroba barabarani, ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo nimejifunza kwamba simu inayotengenezeka ina skrubu, sawa, ila pia ina ndugu wengi. Uzuri wa ubunifu unaishia pale spea inapoishia, na hapa kwetu spea inatoka kwenye zile zilizokufa. Chini ya meza yangu kuna kiroba cha bodi na vioo nusu nusu, hicho ndo benki.

Na ndo maana kinachonitisha kuliko gundi ni programu. Kuna simu sasa hivi ukitoa kioo orijino cha simu moja ukaweka kwenye nyingine ya aina ileile, inakataa baadhi ya mambo au inakutupia onyo kila ukiwasha, eti haikitambui. Skrubu unazo, spea unayo, mkono unao, simu inasema hapana. Jimbo la Oregon kule Marekani 2024 wakapitisha sheria ya kupiga marufuku mchezo huo wa kufunga spea kwa programu. Oregon nzima ina watu wachache kuliko Dar, lakini walau wameanza.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoingia sokoni kule lazima spea zake ziendelee kupatikana miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, programu iendelee kusasishwa angalau miaka 5, na betri ikishachajiwa mara 800 iwe bado na asilimia 80 ya nguvu zake. Februari 2027 inakuja nyingine ya betri, kwamba vifaa vingi vidogo mwenye mali aweze kutoa betri mwenyewe. Kuna kimlango kwenye simu lakini: ukiweka betri inayofikisha mara 1,000 ikiwa na asilimia 80 na simu isiyoingiza maji wala vumbi, unaruhusiwa kuacha kazi ya betri kwa fundi. Kampuni kubwa wengi watapita kwenye kimlango hicho, nawaona. Sio vibaya sana, maana betri ya mara 1,000 ni karibu miaka mitatu ya kuchaji kila siku kabla haijaanza kuchoka, ila tuache kushangilia kana kwamba kava za kucha zinarudi kesho.

Je sisi inatuhusu? Tundu la chaji linasema ndiyo. Walipolazimisha USB-C, iPhone 15 ikatoka nayo 2023 dunia nzima, hawakutengeneza moja ya Paris na nyingine ya Mbagala, kiwanda hakina muda huo. Kilichochongwa kwenye chuma kinatufikia. Kilichoandikwa kwenye karatasi, kama ahadi ya spea miaka 7, kinaishia kwenye mpaka wao.

Kuna mteja mmoja msomi msomi hivi alinambia fundi, kama kweli unajali mazingira waambie watu wachomoe chaja ukutani. Nikamwambia kaa hapo tupige hesabu ya LUKU. Betri ya simu ya kawaida ina kama wati-saa 15. Ukiijaza kutoka sifuri kila siku mwaka mzima, ukaweka na umeme unaopotea kwenye chaja, haifiki uniti 8. Uniti 8 kwa mwaka! Pasi inazimaliza kabla hujamaliza nguo za mwezi za familia. Mzigo wa simu ulishabebwa zamani kabla hujaitoa kwenye boksi: Apple kwenye ripoti zao wenyewe wanaonyesha kwamba karibu asilimia 80 ya hewa chafu ya iPhone inatokana na kuitengeneza, vile vichipu vinavyopikwa kwenye viwanda vinavyowaka usiku na mchana, na madini yake. Kobalti ya betri peke yake, karibu asilimia 70 ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Kolwezi na kule Lualaba, ambako ukimpigia mchimbaji mtaongea Kiswahili na mtaelewana, ye akiwa shimoni we ukiwa kwenye daladala. Kwa hiyo chaja chomoa kama unapenda. Lakini simu ukiivusha kutoka miaka mitatu hadi sita, umeugawa mzigo wote ule kwa mbili, na hakuna chaja ya kuchomoa itakayokufikisha hapo.

Ila msichukue hesabu hii mkaipeleka kwenye friji. Friji ni mnyama mwingine. Lenyewe linakula masaa 24, kwa hiyo uchafu wake mwingi uko kwenye matumizi, na lile la mtumba la miaka ishirini lenye mpira wa mlango uliolegea, ambalo kila mtu anakwambia "ya zamani ndo imara", linaweza kukumalizia uniti kuliko vitu vyote vya ndani ukijumlisha. Pale ninakubali kabisa kuachana nalo. Mtu akikwambia kitu kudumu ni kuzuri siku zote muulize kwanza kinakula nini.

Na hata sisi mafundi tumebebeshwa mzigo wetu, nisijifanye malaika. Tangu Julai 2006 Ulaya walikataza risasi, ile madini yenye sumu, kwenye vifaa vingi vya elektroniki, ndo maana bodi za sasa zimelehemiwa kwa bati, fedha na shaba. Ile ya zamani ilikuwa inayeyuka kwenye nyuzi 183, hii ya sasa 217. Nyuzi 34 hizo unaziona kazini, IC (kichipu cha kwenye bodi) inakaa kwenye moto muda mrefu zaidi, plastiki ya jirani inajikunja, unatukana kimoyomoyo. Miaka mingi nilikuwa nasema hawa wazungu wametuharibia kazi. Mpaka nilipojikuta siku moja nakula chapati mezani, mkono wa kulia uleule uliokuwa umeshika waya wa risasi dakika moja nyuma, na mwanangu mdogo kakaa pembeni anamega upande wa pili. Siku hizi kuna dumu la maji na sabuni pembeni ya ndoo ya mchanga. Waya wa zamani bado ninao, siwezi kuwadanganya, kwenye redio za wazee bado nautumia.

Umoja wa Mataifa walihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za elektroniki tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa sawasawa hazikufika hata robo. Mi tani milioni 62 siwezi kuiwaza, akili yangu inaishia kwenye kiroba. Vijana wa skrepa wanapita Ijumaa wananunua bodi kwa kilo, wanachagua zenye dhahabu. Betri zilizovimba hawachukui. Earphone zile za bluetooth za kuweka masikioni hawachukui, na mi hazinifai, betri yake ni kama punje ya kunde imefungiwa ndani ya plastiki iliyoyeyushwa pamoja, huwezi kuifungua bila kuivunja. Ninazo kopo zima la maziwa ya unga. Sijui nizipeleke wapi.

Kuna dogo anasoma uhandisi hapa mjini, huwa anakuja kuazima multimita. Mwezi wa tatu alikuja na taa ya sola ya mradi wake wa mwisho, kaichora mwenyewe, boksi kalitoa kwenye printa ya chuo, anaipenda kama mtoto. Nikaigeuza huku na huku, nikamuuliza, "dogo, betri inatokea wapi?" Akanyamaza. Alikuwa amepaka gundi pande zote nne, "ili ikae fresh, bro." Nikamwonyesha kopo la maziwa, nikamwonyesha ndoo, nikampa BL-5C moja aondoke nayo.

Juzi karudi. Boksi jipya, skrubu nne za nyota ya kawaida, betri inatoka kwa kidole, LED kaziongeza kutoka sita hadi kumi na mbili na umeme kapunguza, nimeiwasha saa nzima haipati moto. Nikampa mkono. Halafu nikaona kwenye skrubu moja kabandika stika nyekundu, imeandikwa ukibandua hii garantii imekufa. Nikamuuliza hii ya nini? Akasema kaka, simu zote zinazo. Nikampa kiwembe aitoe.